Ziwa Ndani ya Gia

Jumamosi, 1 Juni 2024

Marie-Jeanne,

Kaka yako Venant ameshuka leo kutoka Mulenge. Nilimpa kiti, hakuketi. Alisimama uani akiitazama pikipiki yako kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa sokoni.

Nakuandikia katika daftari la vipimo vya wateja. Lina kurasa nyingi tupu. Na miezi minne sasa sina mtu wa kumwambia mambo ya mchana.

Fanny naye alikuja, yule muuguzi uliyemfundisha kazi, na kuendesha pia. Yuko mjini kwa semina ya wiki moja. Alipiga kiki mara tatu tu — ikawaka! Moshi wa buluu, harufu ile ile. Nilishika ukuta. Lakini alipoingiza gia, ikatoa sauti ya mahindi yanayosagwa pamoja na mawe. Akabana klachi, pikipiki ikaendelea kumvuta. Ikazimikia mlangoni.

Venant akasema imekufa. Kuna mtu wa kule Kavimvira anatafuta vipande vya pikipiki kuukuu. Tuiuze, tukujengee kaburi la saruji kabla mvua hazijarudi, maana msalaba wa mbao umeanza kupinda. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli umepinda. Niliuona.

Fanny akamkumbusha kwamba kituo chake kina wajawazito wa vilima vitatu, na yeye anatembea kwa miguu. "Maman Jeanne aliniambia: siku nitachoka, utaipanda weye."

"Ahadi haipande mulima, binti yangu," Venant akamjibu.

Wakabishana. Mwishoni Venant, kama mkubwa wa familia yenu, akakata neno: Jumamosi ijayo, pale Sange, barabara inapoanza kupanda mlima. Pikipiki ikifika juu, ni ya Fanny, na kaburi tutatafuta njia nyingine. Ikishindwa, mtu wa vipande atakuwa pale pale na funguo zake za kuifumua.

Aliniuliza kuhusu mafuta. Nikafungua lile tangi dogo la ubavuni nikamwonyesha: limejaa, mafuta safi. Nilisema kwa kujivuna kwamba miaka kumi na tisa nimekuona ukijaza hapo, hayajawahi kuisha. Akatikisa kichwa. "Basi ni uzee, shemeji."

Wiki moja. Na mimi sijui hata kuiendesha.


Jumapili, 2 Juni

Misa ya kwanza. Paroko alitaja jina lako katika maombi, akakosea akasema Marie-Josée. Nikarudia jina lako kwa sauti ndogo. Mama aliyekuwa mbele yangu akageuka, akasema Amina.

Ziwa limeshuka kidogo. Alama ya maji bado iko ukutani, juu ya goti langu.

Nilikaa juu ya pikipiki ikiwa imesimama. Nyuma, mahali pangu. Sikuthubutu kukaa mbele.


Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeona jambo. Niandike taratibu nisiruke.

Alfajiri Fanny alishika usukani, mimi nikasukuma. Mpaka Kavimvira! Wale vijana wa teksi, wanaoita kila pikipiki "moto", walipita wakicheka: "Muzee, moto inapandwaka, haisukumwake!" Fanny akawajibu kwamba wakiendelea kusema atawachoma sindano wote. Alinifikisha gereji ya Laure, karibu na mpaka, akakimbilia semina yake.

Laure ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kilemba cha kitenge, mikono myeusi mpaka viwikoni. Aliitambua pikipiki kabla hajanitazama.

"Hii ni ya Maman Jeanne." Halafu akaniangalia. "Na weye njo ule bwana wa nyuma?"

Wabadilisha pesa walioketi kivulini wakacheka. Nikasema ndiyo, ni mimi wa nyuma. Sikuona haya. Nilikuwa nabeba sanduku lako la baridi la chanjo, na ulikuwa unagonga goti langu mara mbili kabla ya kila shimo ili nijiandae. Hakuna aliyenigonga goti tangu Februari.

Nikamweleza: mafuta yapo, tele, tatizo ni kitu kingine. Laure akafungua tangi la ubavuni, akanusa, akafunga.

"Papa, hii ni mafuta ya kuungua. Inaenda pamoja na petroli, inakuwa moshi. Ile ya boite iko wapi?"

Nikaonyesha tangi lile lile.

Hakucheka. Alinishika mkono akaniinamisha chini. "Moto hii ni ya zamani. Iko na midomo mbili. Hizi za bale bamotari ba teksi za sasa ziko na mumoja tu, njo maana batu banasahau." Na kweli, kwenye ubavu wa injini, upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo cha plastiki, cheusi, kimekaa kimya. Ndicho mdomo wa pili. Unalisha boite — sanduku ambamo gia zote zimelala ndani ya mafuta yao peke yao, hayaungui, hayapungui, yanachoka tu.

Miaka kumi na tisa, Marie-Jeanne! Nilikaa sentimita thelathini kutoka hapo.

Sasa naelewa zile Jumamosi asubuhi. Mimi napeleka nguo kwa wateja, nikirudi nakuta mikono yako inanuka sabuni na limau. Nilifikiri ulikuwa unatengeneza samaki. Wala samaki sikuwaona mezani, na sikuuliza.

Laure akaweka beseni chini, akachukua ufunguo wa kumi na saba, akalegeza boulon, ile bolti ya tumboni mwa injini. Nilitegemea kitu cheusi.

Kikatoka cheupe! Chai ya maziwa. Chai kabisa, nzito, ya rangi ile ya asubuhi, na povu juu. Wabadilisha pesa waliinuka kuja kuona. Hakuna aliyecheka sasa.

Laure akachovya kidole, akakisugua. "Maji. Moto ililala mu maji?"

Nikamwambia. Aprili, ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwetu. Siku tisa. Cherehani niliiweka juu ya meza, na meza juu ya matofali. Godoro nililifunga darini. Pikipiki sikuweza kuinua, na majirani walikuwa wanainua vyao. Ilisimama peke yake ndani ya maji mpaka tumboni. Usiku nilikuwa nasikia mawimbi yakiigonga pole pole.

"Lakini imefungwa pande zote," nikasema. "Yalipitia wapi?"

Akanionyesha katundu kadogo kwa juu, kembamba kama jicho la sindano kubwa, kenye kampira kake. Akaeleza kwamba sanduku la gia haliwezi kuzibwa kabisa, lingepasuka kwa joto. Ikipata joto inatoa pumzi. Ikipoa inavuta. "Inapumua, Papa. Sawa weye na minye."

Nikakaa juu ya tairi.

Chuma kile kinapumua. Kilikuwa kinapumua chini yetu njia yote ya Makobola, njia yote ya Sange, wewe unaimba, mimi nimeshika sanduku. Na Aprili, gizani, ndani ya nyumba iliyojaa maji, kilivuta pumzi — kikavuta ziwa. Ziwa hili hili ambalo wavuvi wanasema hakuna kamba iliyofika chini yake. Kiasi chake kidogo kilikuwa ndani ya gia zako, kimekaa kimya miezi miwili, na mimi naonyesha watu tangi la pembeni.

Niliuliza kama gia zimeharibika. Laure akasema hajui. Maji yanakula chuma. Tutasafisha, ndipo tutajua.


Jumanne, 4 Juni

Kumbe boulon ya chini ina sumaku kwenye ncha. Jana sikuiona vizuri. Leo Laure aliniwekea kiganjani. Imefunikwa na unga wa kijivu, laini kuliko poda ya mtoto. Ni chuma cha meno ya gia, kinachosagika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, sumaku inakiokota kisirudi kuumiza meno mengine. Nilishtuka. Nikasema basi zimekwisha.

"Apana. Vipande njo ugonjwa. Unga ni uzee tu. Hata minye niko na unga."

Akaniambia nitazame na meno ya boulon yenyewe. Makali, kama mapya. Watu wanakaza kwa hasira, alisema, wanaharibu sanduku zima. "Mke wako alikuwa anakaza kwa mkono wa muntu mwenye anashika mutoto." Na kila mara ulibadilisha rondela, ile pete ya shaba ya kuzibia. Kila mara. Ulikuwa unazinunua kwake kumi kumi.

Rondela hizo nimeziona sana. Zilikuwa kwenye kisahani cha vifungo vyangu. Nilidhani ni zangu!

Tukatia mafuta ya bei rahisi, ya kuoshea tu. Laure akaegemeza pikipiki juu ya kasha la chupa tupu, gurudumu la nyuma likabaki hewani. Akawasha. Akapitia gia moja moja, kupanda na kushuka. Dakika kumi. Akazima, akamwaga: chai ya maziwa tena, lakini ya mtu maskini, maji mengi. Tukatia mengine. Gurudumu likazunguka. Tukamwaga: rangi ya uji wa ulezi. Mara ya tatu: asali, yenye mawingu kidogo.

Kabla ya kufunga akaniita. Alishika tochi ya simu juu ya mdomo wa pili. "Chungulia."

Sijui niandike vipi. Kulikuwa na gurudumu la meno, sehemu yake tu, na nyuma yake jingine, na nyuma yake giza. Yote yamefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta, inang'aa kama dhahabu. Hakuna kutu! Laure akazungusha gurudumu la nje kwa mkono, taratibu, na ndani vyote vikaamka kwa pamoja: jino likiingia kwenye nafasi ya jino, likitoka, lingine likiingia, bila kugombana, bila sauti. Mimi ni fundi cherehani. Nimepitisha maisha yangu nikitazama sindano na uzi vikikutana, nilidhani najua kitu. Sijui kitu.

Nilivua kofia. Laure aliendelea kuzungusha.


Jumatano, 5 Juni

Siku ya aibu. Nitaandika kidogo.

Laure aliitwa forodhani kutazama lori lililokwama. Nilimwomba aniachie mimi kazi ya mwisho, kutia mafuta yenyewe mazuri. Alisita, akakubali. Akanionyesha skrubu ndogo ubavuni, ya kupimia. "Fungua hii, tia kwa juu. Ikijitokeza hapa, njo imefika." Akaenda.

Nikatia. Hakuna kitu. Nikatia tena. Chupa nzima ikaisha, skrubu kavu. Nikafungua ya pili. Nusu yake nayo ikaingia, ndipo likachuruzika tone. Nikafunga vizuri, kwa mkono mpole. Nilijisikia mkubwa.

Jioni Fanny akaja kujaribu. Gia ziliingia bila kelele, akapiga yowe la furaha. Alipofika mbele ya kizuizi cha mpaka, klachi ikagoma, na mafuta yakaruka kutoka kwenye katundu ka kupumua yakamwagikia kiatu chake cheupe. Ikazimika katikati ya akina mama wenye mabunda ya vitenge. Mmoja akasema kwa sauti: "Moto ya huyu dada inatapika! Iko na mimba?"

Fanny alicheka na wao. Mimi sikuweza. Nilifikiri nimeiua kwa mikono yangu, siku tatu kabla ya mlima.


Alhamisi, 6 Juni

Laure alisikia habari zote kabla sijafika. Alinikuta nimesimama karibu na pikipiki, akaniuliza jana ilikuwa imesimama vipi nilipokuwa natia. Nikamwonyesha: hivi hivi, juu ya mguu wake wa pembeni.

Akapiga magoti kwa kicheko. "Papa! Iko inaegama sawa mulevi, na weye unapima! Mafuta yote ilikimbia upande ya kushoto!"

Ndiyo. Skrubu iko kulia. Pikipiki ikiegama kushoto, upande wa kulia unainuka, hapatoki kitu mpaka sanduku lifurike. Nguo huwa napima mteja akiwa amesimama wima, nawagombeza hata wanaoinua bega moja. Pikipiki sikuifikiria hivyo.

Nikauliza kama nimeiharibu. Akasema hapana, imetapika tu, tutapunguza. Halafu akafuta mikono. "Maman Jeanne hakuwa anapima na skrubu. Alikuwa anakuja na biberon."

"Biberon?"

"Chupa ya mutoto! Nilimucheka mupaka machozi. Akaniambia: mutoto ukimuzidishia anatapika. Biberon mbili na nusu, hakuna hata siku moja alizidisha."

Nikasema ipo. Niliikuta mwezi wa tano chini ya kiti, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na funguo. Nilifikiri ulikuwa umemwekea mtoto fulani wa kituo asiye na mama. Niliichemsha. Niliisugua kwa brashi. Iko juu ya kabati, safi.

Laure akaweka mkono mdomoni. Kisha akasema: kailete.

Nikapanda teksi ya pikipiki, kwenda na kurudi, chupa ndani ya shati. Tukamwaga yote. Nikasimamisha pikipiki wima, Laure ameishika kwa pande zote mbili kama anayemshika mgonjwa akipimwa urefu. Nikapima: chupa moja mpaka mstari wa juu. Ya pili. Nusu. Mafuta yaliingia bila haraka. Nikafunga mdomo wa pili, tukangoja yatulie. Nikafungua skrubu.

Likatoka tone moja. Likajaa kwenye ukingo wa tundu, likaning'inia, likang'aa na jua, halikuanguka. Hakuna la pili.

Chupa ya mtoto na chuma kilichotengenezwa ng'ambo ya dunia, na vimekubaliana mpaka tone moja. Uligundua lini? Ulijaribu mara ngapi, peke yako, Jumamosi zile? Laure naye alikuwa ameinama analitazama. Hakuna aliyetaka kulifuta.


Ijumaa, 7 Juni

Fanny amekwenda Kiliba na kurudi. Anasema gia ya tatu inaingia kama mkasi mkali kwenye pamba. Lakini Kiliba ni tambarare.

Venant amepiga simu. Kesho saa nne, Sange. Mtu wa vipande amethibitisha.

Nimemuuliza Laure waziwazi: itapanda? Akasema mafuta amefanya, mulima hajafanya yeye.


Jumamosi, 8 Juni. Sange

Naandikia juu ya goti, chini ya kilima, nimeketi kwenye jiwe.

Tulifika saa tatu na nusu, Fanny mbele, mimi nyuma na sanduku la chanjo. Aliniuliza njiani kama naogopa. Nilimwambia nasikiliza tu miguuni. Palikuwa na joto na mtetemo mdogo, sawasawa, bila kukwaruza. Tambarare yote ya Ruzizi, mpunga pande zote mbili, na chini ya miguu yangu vile vyote vikizunguka ndani ya mafuta yao.

Venant alikuwa hapa tayari. Pamoja naye mtu wa vipande, anaitwa Achille, mnene, mpole, na mfuko wa funguo. Akaikagua pikipiki, akasema waziwazi mbele yetu kwamba amenunua nyingi za namna hii, zote husema uongo kwenye tambarare.

Venant akasema mtu mmoja tu apande, na mzigo. Sanduku la chanjo likafungwa mahali pangu kwa mpira. Fanny akaulizwa kama ana simu. Juu hakuna mtandao mpaka ufike kanisani, kileleni kabisa; akifika atampigia Venant. Akatutazama mmoja mmoja. Akaniita Papa, akasema anakwenda.

Gia ya kwanza. Ya pili. Nilizihesabu kwa vidole. Alipofika kwenye udongo mwekundu, pale panaposimama kama ukuta, akarudi ya kwanza, gia ile ile iliyokuwa inalia uani kwetu wiki iliyopita — haikulia! Ilinguruma tu, nzito, kama mtu anayebeba gunia na hataki kupumzika. Achille alianza kusema kitu.

"Nyamaza!" Venant akamkatiza. "Nyamaza kwanza, nisikie."

Alikwenda kusimama katikati ya barabara. Kaka yako, Marie-Jeanne, aliyekuja na mtu wa funguo. Amevua kofia, ameweka kiganja nyuma ya sikio, mdomo umefunguka kidogo kama mtoto. Kwenye kona ya kwanza tulimwona Fanny mara moja, mdogo, moshi wa buluu nyuma yake. Kisha mlima ukamchukua. Sauti ikabaki. Ikazunguka nyuma ya mgongo wa kilima, ikarudi, ikapungua, ikawa nyembamba kama nzi.

Sasa hivi siisikii. Achille anasema imezimika. Venant anasema hapana, ni upepo tu umegeuka, iko, yeye anaisikia. Amenishika mkono. Ananiuliza: "Shemeji, unaisikia? Sema unaisikia."

Simu iko mkononi mwake. Haijalia.

Kutoka hapa mpaka kanisani ni kona kumi na moja, ulinihesabia mwenyewe. Yuko kwenye ya tano labda. Labda ya sita. Injini ina joto sasa, sanduku linatoa pumzi.

Wewe unaona kutoka juu zaidi yetu. Mwangalie huyo binti. Na ukimaliza kumwangalia, Marie-Jeanne, nikumbuke na mimi, Basile wako, wa nyuma.